Fintan Garrihy, Mdakaji wa Mikono Mitupu

Padri, ndugu wa ukoo wa Garrihy na wa ukoo wa Mulqueen, majirani wa mitaa ya chini, na nyinyi wazee mliocheza pamoja naye au dhidi yake: tumekuja kumsindikiza baba yetu, Fintan Garrihy. Mimi ni Winifred, binti yake. Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza niliacha nje ugomvi wote, nikaona ndiyo adabu. Nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani tena?" Nikakaa chini, nikaandika upya. Kwa hiyo mtuwie radhi, humu kuna damu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1852 katika parokia ya Doolin, kaunti ya Clare, Ireland, akiwa mtoto wa pili wa Austin Garrihy na Sabina Linnane. Alipokuwa na umri wa miaka sita, wakala wa mwenye ardhi alifika na askari, pamoja na gogo lililoning'inizwa kwa minyororo, wakaibomoa nyumba yao huku chungu cha viazi kikiwa bado motoni. Babu Austin alimrukia yule wakala akamkaba. Alipigwa kitako cha bunduki mdomoni, na tangu siku hiyo hadi anakufa alizungumza kwa kitembe. Baba aliona yote hayo akiwa amekaa juu ya ukuta wa shamba, ambako bibi alikuwa amempandisha asije akakanyagwa. Mwaka huohuo, 1858, walivuka bahari. Dada yao mdogo, Nuala, alifariki njiani kwa homa, akazikwa majini. Walifika hapa Troy mwezi wa Oktoba, wakapanga chumba kimoja karibu na tanuri za chuma, na ukoo wetu haujahama mtaa huo mpaka leo.

Elimu yake aliipata katika shule ya parokia, chini ya mwalimu Comerford, ambaye wazee wengi mliomo humu mnamkumbuka kwa mgongo. Bwana Comerford alikuwa na tabia ya kumrushia kifutio cha mbao mwanafunzi yeyote aliyesinzia. Siku moja alimlenga kijana aliyekaa nyuma ya marehemu. Marehemu, bila kuinua macho kutoka kwenye kibao chake, alinyoosha mkono akakidaka kile kifutio hewani, akakiweka chini, akaendelea kuandika. Mwalimu akarusha chaki, ikadakwa. Akarusha kitabu cha hesabu, nacho kikadakwa.

"Garrihy," mwalimu akasema, "hesabu hujui, kusoma unababaisha. Lakini siku nyumba ikianguka, natamani niwe karibu na wewe."

Aliacha shule mwaka 1863 babu alipoungua mguu kazini, naye akaingia kiwandani badala yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupokea vyuma vya moto kwa koleo na kuvipitisha mbele. Jioni, watu wazima waliposhuka mtoni kucheza besiboli kwenye uwanja wa mchanga, alishuka nao, akasimama nyuma ya mpigaji, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kusimama.

Mwaka 1872 klabu ya Vulcan ya hapa Troy ilimwajiri rasmi kama mdakaji, akawa miongoni mwa watu wa kwanza katika mtaa wetu kulipwa kwa kucheza. Vijana wa leo mnaomwona mdakaji amevaa kinyago cha waya, kinga ya kifua na glavu nene kama mto wa kulalia, mjue marehemu alianza bila hata kimoja. Alichuchumaa karibu na gongo la mpigaji, mrushaji akitupa kwa nguvu zake zote, na alikuwa na viganja vyake tu. Kila kidole chake kilivunjika, vingine zaidi ya mara moja. Kilipotoka mahali pake alikivuta mwenyewe, akakifunga kwa kitambaa pamoja na jirani yake, akapiga kelele, "Tupa!" Siku za joto alikuwa akishika kipande cha nyama mbichi ya ng'ombe kiganjani ili kupunguza uchungu, na mchezo ulipomalizika nyama ilikuwa imepondeka kiasi cha kutohitaji kisu.

Mwezi wa Juni 1876, mjini Utica, mpira uligusa gongo kidogo ukabadili njia, ukampiga usoni. Mfupa wa shavu ulivunjika na meno matatu yakaanguka kwenye vumbi. Watu wa upande wa pili walisimama kwenye jukwaa wakishangilia.

"Rudi kwenu, mla viazi!" mmoja akamzomea. "Sasa utavipondea wapi?"

Marehemu alitema damu, akayaokota meno, akampelekea yule bwana pale kwenye uzio na kumwekea mkononi. "Nishikie mpaka mchezo uishe," akamwambia. Alirudi akadaka mpaka mwisho. Inasemekana yule bwana aliondoka mapema.

Hakuwa malaika, na mama amenikataza kumfanya awe malaika leo. Mtu aliyepita kwake akikimbilia kituo cha nyumbani, pale pointi inapopatikana, alipita kwenye bega, kiwiko na goti. Wakimbiaji nao walinoa njumu za viatu vyao kwa tupa, mbele ya macho yake, kabla mchezo haujaanza. Alikanyagwa mapajani mpaka ngozi ikawa kama gome la mti. Naye alivunja pua za watu. Aliwahi kumzimisha mpigaji mmoja kwa ngumi katikati ya mchezo kwa sababu ya maneno aliyosema kuhusu mama yake, bibi Sabina, na polisi wawili wakamtoa uwanjani akiwa amevaa kofia ya mmoja wao.

Ndipo ikaja Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 1879. Vulcan walicheza na Nyota ya Albany, na aliyelinda kituo cha tatu upande wa Albany alikuwa mjomba wetu Thady Mulqueen, kijana wa hapahapa Troy aliyekwenda kuchezea watu wa ng'ambo ya mto. Kwa hilo tu, mtaa mzima ulikuwa umemkasirikia. Katika zamu ya Albany ya kupiga, mpira ulipopigwa, Thady alitoka mbio kuja kituo cha nyumbani. Marehemu alikuwa ameupata mpira, akaziba njia. Thady aliruka miguu mbele, njumu juu. Marehemu hakusogea, alimwangukia kwa uzito wake wote, goti likatua chini kidogo ya goti la Thady. Waliokuwa kwenye jukwaa la juu walisikia mfupa ukivunjika. Ulitokeza nje ya soksi.

Mwamuzi alisema Thady ametoka, yaani amenaswa kabla ya kugusa kituo. Watu wa Albany waliruka uzio, wa Troy nao wakaruka, wakapigana kwa mikongojo, chupa na mbao za viti kwa muda mrefu. Marehemu hakupigana. Alikuwa amepiga magoti juu ya Thady akimkinga asikanyagwe, na mateke mengi yaliyokusudiwa watu wengine yalimwishia yeye mgongoni.

"Umeniua, Garrihy," Thady alimwambia akiwa chini yake.

"Hujafa. Nyamaza, uvute pumzi."

"Mguu wangu uko wapi?"

"Upo. Usiutazame."

Daktari aliukata mguu ule siku ya tatu, juu ya goti. Thady alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Jumapili iliyofuata marehemu alivaa koti lake zuri, akaenda nyumbani kwa akina Mulqueen. Dada yake Thady, Delia, alikuwa mpiga pasi katika moja ya nyumba za kufulia kola za mashati, na siku hiyo alikuwa akinyoosha mashati ya nyumbani. Alifungua mlango akiwa na pasi mkononi.

"Wewe ni nani?"

"Ni Fintan Garrihy. Nimekuja kumwona—"

Hakumaliza. Delia alimpiga kwa ile pasi begani, mfupa wa mtulinga ukakatika. Wazee wa mtaa wanasema mlio wake ulisikika mpaka kwa muuza makaa. Marehemu aliketi polepole kwenye ngazi.

"Sasa tumelingana?" akauliza.

"Bado sana," Delia akasema. "Yeye ni mguu. Hilo ni bega tu."

"Basi nitarudi Jumapili ijayo na bega la pili."

Na kweli alirudi. Thady hakutaka kumwona. Alimrushia bakuli la supu kutoka kitandani, marehemu akalidaka, lakini supu haikudakika. Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Siku moja akamkuta Thady amekaa dirishani akisikiliza kelele za uwanjani kwa mbali, huku machozi yakimtoka. Marehemu alimgeuzia mgongo akachuchumaa kama anavyochuchumaa mdakaji. Thady alimtukana tusi ambalo siwezi kulisoma mbele ya jeneza, kisha akampanda mgongoni. Tangu hapo, mpaka Thady alipopata mguu wa mbao, marehemu alimbeba kwenda uwanjani kila mchezo wa nyumbani, akamweka karibu na benchi, akamwacha awazomee Vulcan kwa sauti kubwa.

Marehemu na Delia Mulqueen walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Oktoba 1881. Thady ndiye aliyesimama naye kama shahidi. Pete ilisumbua, ilikuwa vigumu kwa bwana harusi kuishika kwa vidole vyake, ikaanguka mara mbili, na padri wa wakati ule akanong'ona kwamba mdakaji mkuu wa Troy amekosa mpira rahisi. Mungu aliwajalia watoto wanne. Nataka kusema jambo moja ambalo majirani mnaelewa uzito wake: mtu huyu aliyeishi katikati ya ngumi hakuwahi kuinua mkono nyumbani kwetu. Hata siku moja. Akikasirika alitoka nje akapasua kuni, na majira ya baridi mengine tulikuwa na kuni za kugawia mtaa.

Jumatatu ya tarehe 5 Julai 1886, siku ya mapumziko kwa kuwa sherehe ya taifa iliangukia Jumapili, ndiyo iliyokatisha uchezaji wake. Viwanda vilikuwa vimefungwa, watu walikuwa wamekunywa tangu asubuhi, na uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Mwamuzi alikuwa Bwana Orrin Peasley, mzee mwembamba mwenye miwani. Marehemu hakumpenda, mwaka uliotangulia alimwita mwizi mbele ya umma, akafungiwa mwezi mzima. Katika zamu ya mwisho, Bwana Peasley aliamua kwamba mkimbiaji wa Vulcan ametoka, na Troy ikashindwa. Marehemu mwenyewe alikuwa karibu, akaona. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Watu walishuka kama mto uliobomoa kingo. Bwana Peasley alikimbilia kibanda cha kuhifadhia vifaa, akajifungia. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi tu, na kando yake palikuwa na dirisha kubwa. Marehemu alikimbia akawahi kufika, akasimama mbele yake akiwa na gongo mkononi.

"Sogea, Fintan!" watu wakapiga kelele. "Hatuna ugomvi na wewe!"

"Mkimbiaji alitoka," marehemu akasema. "Nilimwona."

"Hata kama alitoka! Ni refa wao!"

"Alitoka. Nendeni nyumbani mkale."

"Umenunuliwa!"

"Pat, mimi ndiye baba wa ubatizo wa mwanao. Rudi nyuma."

Mtu mmoja alimjia na ubao wenye misumari, marehemu akampiga kwa gongo kwenye mkono, ubao ukaanguka. Wa pili akampiga tumboni. Wa tatu alimng'ata sikio, na kovu mtaliona mkipita kumuaga. Kisha umati ukafunguka kidogo, na Thady akatokea akirukaruka kwa mguu wake wa mbao, kofia imepotea, mkongojo ameushika kama shoka.

"Thady, mwambie shemeji yako asogee!" mtu akasema.

Thady alifika mlangoni, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye mlango kando ya marehemu. "Shemeji," akasema, "sogea kidogo kweli. Umechukua nafasi yote."

Walishikilia mlango ule wawili mpaka polisi walipofika na farasi. Thady alivunjika mbavu. Marehemu alivunjika mkono wa kushoto, na kabla tu ya farasi kuonekana, pande la tofali lilirushwa kutoka nyuma ya umati, likamvunja mfupa wa paji la uso na kulipasua jicho la kulia. Hospitalini walilitoa siku hiyohiyo. Bwana Peasley alitolewa salama. Alihamia magharibi, na kila Krismasi alituma sanduku la tufaha mpaka alipofariki.

Majuma mawili baadaye, marehemu akiwa bado amefungwa kichwa kizima, jirani mmoja alikuja nyumbani, kofia mkononi. Jina lake silitaji. Ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wake wamo humu, ni watu wema. Mama alikuwepo.

"Fintan," yule jirani akasema, "lile tofali… nilimlenga refa. Kupitia dirisha."

"Najua. Nilikuona ukirusha."

"Na hukuwaambia polisi?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mtu amekosa dirisha kubwa kama lile akanipata mimi? Wangekufunga kwa ushamba."

Yule mtu akaanza kulia. Mama anasema alitaka kuichukua pasi. Marehemu alimsogezea kiti kwa mguu, akasema, "Delia, mpe chai. Na usimpe kwa pasi." Walikunywa chai. Mama hakuinywa yake.

Kuanzia mwaka 1888 hadi 1899 marehemu alikuwa mwamuzi katika ligi ndogo za jimbo. Wengi walimcheka: mwamuzi mwenye jicho moja! Katika kila mji mtu alifikiri yeye ndiye wa kwanza kumwita kipofu. "Nusu tu, bwana," alikuwa akijibu. Kazi ile haikuwa salama kuliko ya kwanza. Katika mji mmoja wa kando ya mfereji walimtupa majini na koti lake. Katika mwingine alitoroka amelala ndani ya gari la maziwa, chini ya makopo. Mama alikuwa akimngoja stesheni na chupa ya siki na vitambaa, na sisi watoto tulizoea kumtazama kwanza jinsi anavyoshuka ngazi za treni, ndipo tujue ni ubavu au ni goti. Siku moja kaka yangu Austin alimuuliza kwa nini asiwape tu watu wa nyumbani ushindi, arudi mzima.

"Mwanangu," akasema, "nikiwapa, basi mjomba wako alipoteza mguu kwa mchezo wa uongo."

Baada ya hapo alifanya kazi ya ulinzi wa lango katika kiwanda cha chuma mpaka mwaka 1911, miguu ilipomshinda. Mjomba Thady alitutoka mwaka uleule, na marehemu ndiye aliyembeba, mbele kulia mwa jeneza, ingawa daktari alimkataza.

Mwezi wa Novemba mwaka jana alianza kukohoa. Baada ya Krismasi kifua kilijaa. Daktari kijana aliyeitwa nyumbani alishika mkono wake kutafuta mapigo, akaugeuza huku na huku, uso ukambadilika. "Mama," akamuuliza mama yetu pembeni, "ni mashine gani iliyomsaga mzee huyu?" Mama akamjibu, "Ni besiboli." Daktari alidhani anataniwa.

Jumatatu jioni, tarehe 13 Januari, padri alifika kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alimpaka kope, pamoja na ile isiyo na jicho chini yake, akampaka masikio na midomo. Alipofika mikononi alikwama. Viganja hupakwa ndani, na vidole vya baba vilikuwa vimejikunja miaka mingi, vimekakamaa, havifunguki. Padri alijaribu kwa upole akaacha, akaogopa kumwumiza. Mama akapanda kitandani. Alikichukua kidole kimoja baada ya kingine, akikisugua na kukipulizia pumzi ya moto mpaka kinalegea, akikiita kwa kisa chake: "Hiki ni cha Utica. Hiki ni cha Hartford. Hiki ni cha siku ya mvua. Hiki kilivunjika ukinionyesha mbwembwe." Baba alicheka kwa koo, sauti haikutoka. Ilichukua muda mrefu, na padri alisubiri. Hatimaye viganja vyote viwili vilikuwa wazi juu ya blanketi, navyo vikapakwa mafuta. Mama hakuviacha vijikunje tena. Aliviweka viganja vyake ndani ya vya baba. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 1913, marehemu alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mjane, Delia, watoto watatu, Austin, Winifred na Thaddeus (wa nne, Sabina, alimtangulia akiwa mchanga), wakwe wawili, wajukuu saba, na mdogo wake, Colman Garrihy wa Cleveland, ambaye treni yake imekwama kwenye theluji na hatutamngoja, kwa kuwa wachimba kaburi wamekesha wakiwasha moto juu ya udongo huu ulioganda ili tuweze kumlaza leo.

Baba, mchezo umekwisha na hakuna anayekuja tena mbio kukuangukia. Mungu akupokee kwa mikono iliyo wazi, na mwili wako uliopigwa upumzike kwa amani.